Saa za Mtaa: Kariakoo na Waendao kwa Miguu



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha mtaa wa biashara katikati ya jiji ili uwafae waendao kwa miguu. Mada hii ikitajwa, aghalabu mtu huja na picha za Ulaya: vitofali vilivyopangwa vizuri, meza za kahawa, kijana anapiga fidla pembeni. Huko nitafika, ila sitakawia. Nataka tuanzie Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, Dar es Salaam, Jumamosi mchana. Jaribu kupitisha gari. Huhitaji kibao wala trafiki wa kukuzuia. Mbele yako kuna meza za viatu, turubai lenye fulana za mitumba, mama ameinama anampimia mwanawe suruali kiunoni, na nyuma yako kijana wa mkokoteni anapaza sauti, "Mzigo! Mzigo!" Utarudi kinyumenyume kama ulivyoingia, na watu watakucheka.

Basi mtaa ule ni wa miguu tayari, kwa miaka mingi. Ambacho hakijafanyika ni kuutengeneza kwa ajili ya miguu hiyo. Hapo ndipo shida yetu inapotofautiana na ya wenzetu ambao tunapenda kuwaiga.

Wenzetu walianza na nini? Chukua Copenhagen. Tarehe 17 Novemba 1962 jiji lile liliondoa magari kwenye Strøget, mtaa wa maduka wenye urefu wa kilometa moja na ushee, na liliufanya uamuzi huo kuwa wa majaribio. Wenye maduka walipiga kelele kwamba watafilisika. Wengine walisema Wadenmark si Waitaliano, hawana desturi ya kuzurura mitaani, na baridi ile nani ataketi nje? Kufikia 1964 majaribio yaligeuka kuwa ya kudumu. Watu wakaja, wakaketi, hata na mablanketi magotini. Mbunifu majengo Jan Gehl alijipatia jina kwa kazi ambayo kwa macho ni ya kizembe: kusimama mtaani na kuhesabu watu. Lakini angalia alichohesabu. Wahandisi wa magari huhesabu wanaopita. Yeye alihesabu na wanaosimama, wanaoketi, wanaoongea. Mfanyabiashara yeyote hapa anajua kwa nini. Anayepita mbio hanunui.

Marekani waliiga mambo hayo na mara nyingi wakaumia. Mji wa Kalamazoo ulifunga mtaa wake mkuu mwaka 1959, wa kwanza nchini humo, na mwaka 1998 sehemu yake ikarudishiwa magari. Chicago ilifanya vivyo hivyo State Street mwaka 1979, ikabakiza mabasi tu, na mwaka 1996 ikafuta yote ikaanza upya. Walikuwa na zege, miti na mabenchi. Tatizo, wateja walikwishahamia vitongojini, na maduka makubwa yenye maegesho yaliwafuata kulekule. Walitandika mkeka wageni wakiwa wameshaondoka.

Sisi wageni tunao, wamejaa mpaka kwenye mtaro. Wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto, wanatoka Tunduma, Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Kwa hiyo mtaalamu akija Kariakoo na mchoro wa "kuvutia watu mtaani", mwambieni kwa heshima arudi akapumzike. Kazi iliyopo ni nyingine, na nitaitaja mapema ili msinisubiri: mtaa wa miguu, kwa hapa kwetu, ni ratiba kabla ya kuwa sakafu. Swali la kwanza ni mzigo unashuka saa ngapi, mahali gani, na kwa chombo gani. Tukishalijibu hilo, vitofali ni kazi ya fundi tu.

Naona baadhi yenu mnashangaa. Ngoja niwaonyeshe mkokoteni.

Mkokoteni wa Kariakoo una ekseli na matairi ya gari chakavu, juu yake fremu ya mbao au chuma, na ukipakiwa marobota unaweza kuwa mzito kuliko gari dogo. Mmoja anavuta mbele, mmoja au wawili wanasukuma nyuma. Sasa kiwekee chombo hicho ukingo wa zege wa sentimita 15 au 20, ule tunaoujenga kila tunapoambiwa tuwajali waendao kwa miguu. Hakiwezi kuupanda. Kitabaki barabarani, na kwa kuwa kitabaki barabarani, guta litabaki nyuma yake, kirikuu nyuma ya guta, na Fuso iliyobeba vigae kutoka bandarini itaziba njia panda ya Mchikichi kwa saa nzima. Mwenda kwa miguu tuliyemjengea njia pembeni naye ataikuta njia yake imepangwa maboksi, kwa sababu mzigo ulioshuka lazima ukae mahali. Mhandisi ataandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana nidhamu. Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo. Zote zina ukingo wa sentimita 15 na hakuna hata moja yenye mkokoteni.

Waliofikiri mzigo tangu mwanzo wapo. Rotterdam, baada ya katikati ya jiji kuteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, ilijenga Lijnbaan, mtaa wa maduka usio na magari uliofunguliwa mwaka 1953. Wanaousifu huzungumzia maua na mabanda ya kivuli mbele ya maduka. Siri yake iko nyuma: kila safu ya maduka ina barabara yake ya huduma upande wa pili, malori yanashusha huko, na mteja haoni boksi. Na tusiende mbali. Soko la Kariakoo lenyewe, alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipangwa kwa akili hiyohiyo: jumla shimoni, rejareja juu, na miavuli ile ya zege inakinga mvua. Amuli alijua gunia la vitunguu na mama mwenye kikapu hawapaswi kugombania mlango mmoja.

Mitaa inayolizunguka soko haina uchochoro wa nyuma. Viwanja vilikatwa vidogo, mgongo kwa mgongo, na nyumba za Kiswahili za vyumba sita zikageuka maghorofa yanayogusa mpaka wa kiwanja pande zote. Mlango wa mzigo na mlango wa mteja ni uleule. Nafasi haipo ya kuwatenganisha. Uliobaki ni muda.

Na muda tunao. Februari 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, zikawekwa taa na kamera. Wengi waliiona kama habari ya kuuza usiku. Mimi niliona jambo jingine: kama mtaa una taa na ulinzi saa nane usiku, basi mzigo wa jumla una saa zake. Fuso ziingie kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo hakuna injini. Mikokoteni na maguta tu, yatoke kwenye vituo vya kushushia pembezoni, kwa mfano upande wa Msimbazi na upande wa Lumumba, hadi saa tatu. Kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili jioni mtaa ni wa wateja, na mzigo unaoingia ni ule wa kichwani na wa begani. Kuna watakaosema kuli hawezi kufanya kazi usiku. Muulizeni kuli mwenyewe kama anapenda kuvuta tani ya vitenge saa saba mchana mwezi wa pili.

Hofu ya mwenye duka naifahamu: "Gari likizuiwa, mteja wangu atakwenda kwingine." Mwaka 2006, katika mji wa Bristol, Uingereza, wenye maduka waliulizwa wanakadiria wateja wangapi huja kwa gari. Wakasema asilimia 41. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa 22. Mwenye duka hakudanganya. Anamwona yule aliyeegesha mlangoni kwake, na mara nyingi aliyeegesha ni yeye mwenyewe. Kariakoo pengo hilo lazima liwe kubwa zaidi. Mteja wa rejareja hushuka daladala au mwendokasi, ambao tangu Mei 2016 unapita Msimbazi hadi Gerezani. Mteja wa jumla kutoka Zambia hafiki na gari lake. Analipa, anaacha namba, na mzigo wake hufungwa na kupelekwa kwa wakala wa usafirishaji. Anachohitaji yeye ni mahali pa kusimama kulinganisha bei bila kukanyagwa, na choo. Nasema choo kwa msisitizo. Ramani nyingi za uboreshaji zina mabenchi kumi na mawili na choo hamna.

Majirani zetu wameshajaribu. Kigali ilifunga KN 4 mwaka 2015, katikati kabisa ya jiji, na kwa miaka kadhaa palikuwa lami tupu inayochoma. Wafanyabiashara wa pale walilalamika kwamba biashara imepoa, nami siwalaumu: kumwondolea mtu magari bila kumpa kivuli wala kiti ni kumwondolea tu. Baadaye palipandwa miti, pakawekwa viti, vibanda na njia ya baiskeli, na tangu 2022 panaitwa Imbuga City Walk. Sasa pana watu. Ila KN 4 ni mtaa wa benki na ofisi, mkokoteni hauna hisa pale. Tujifunze kuhusu kivuli, tusinakili mchoro.

Luthuli Avenue ya Nairobi inatuhusu zaidi. Ni mtaa wa redio, televisheni, spika na simu, katika upande wa jiji ambao wakubwa huupita vioo vikiwa juu. Kabla ya 2019 ulikuwa umesongwa na matatu, honi na moshi. Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lile lenye makao Gigiri, iliufanya wa njia moja, ikapanua njia za miguu, ikapanda miti, ikaweka viti na njia ya baiskeli. Tazama: haikuufunga. Gari bado linapita, polepole, upande mmoja, kwa hiyo spika ya kilo 40 bado inashuka karibu na mlango. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeangalia bidhaa kabla ya kuchora. Wanaotaka mitaa isiyo na gari kabisa huuona kama woga. Mimi naona ni busara, na kwa mitaa kama Uhuru au Msimbazi ningependekeza hivyohivyo, nikaacha ufungaji kamili kwa Kongo na vipande vya jirani ambako gari lilikwishajiondoa lenyewe.

Nije sasa kwa jambo ambalo lingewafanya mnitupie viti kama ningelikwepa: machinga.

Historia mnaijua. Mwishoni mwa 2016 Rais Magufuli alizuia wasifukuzwe hovyo. Mwaka 2018 wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani nchi nzima na kupangiwa maeneo. Na leo mnaona wenyewe. Kabla ya hayo yote palijengwa Machinga Complex pale Karume, maghorofa mazima, na wengi wakakataa kupanda. Walipewa majina mengi, wakaidi, wabishi. Lakini mteja wa machinga ni mpita njia, na mpita njia hapandi ghorofa ya tatu kutafuta soksi.

Jambo ambalo halisemwi hadharani ni hili. Magazeti huandika kana kwamba mwenye fremu na machinga aliyesimama mbele yake ni maadui. Wapo wa namna hiyo, ndiyo: mwenye fremu analipa kodi ya pango, amelipa kilemba, halafu mlango wake umezibwa. Lakini pitia Kongo taratibu uangalie bidhaa. Fulana zilizo mezani nje mara nyingi ni zilezile zilizo kwenye rafu ndani. Kijana amechukua mali kauli asubuhi, atarudisha hesabu jioni. Mwenye duka amejiongezea wauzaji watano bila mshahara, na nje ya macho ya mashine ya risiti. Siku mgambo wakija, meza zinaingia dukani haraka kuliko unavyoweza kupepesa jicho, na aliyeufungua mlango ni mwenye fremu. Kwa hiyo ukipanga mtaa kwa kudhani hawa ni makundi mawili yanayogombana, umeshakosea hesabu.

Ninachopendekeza ni mstari. Mstari wa rangi chini, na baadaye wa kitofali cha rangi tofauti. Kila upande wa mtaa meza ziwe na kina cha mita moja na nusu, zisizidi, na kila baada ya mita kumi pawe na mwanya wa kuingilia madukani. Katikati zibaki mita nne zisizoguswa na kitu, hata mwavuli, kwa sababu gari la zimamoto lazima lipite. Hatuhitaji kukumbushana Julai 2021 soko lilipoungua, wala Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka hapa Kariakoo na watu wakafukuliwa kwa mikono. Na mahali ambapo upana hautoshi, meza ziwe upande mmoja tu, na upande huo ubadilishwe kila baada ya muda ili lawama zigawanywe. Nani apate meza? Aanze aliyepo, kwa orodha inayobandikwa ukutani, na ushuru mdogo ulipwe kwa simu, wenye risiti, unaotumika kufagia mtaa huohuo. Machinga hulipa tayari, kila siku. Tatizo ni kwamba anayepokea hafagii.

Kuhusu jua na mvua nitasema kidogo, ingawa ndiyo mambo yanayoharibu kazi nyingi nzuri. Nendeni Mji Mkongwe, Unguja, saa nane mchana. Vichochoro ni vyembamba, ukuta unautupia ukuta wa pili kivuli, na mbele ya nyumba kuna baraza la jiwe, urefu wa goti, ambapo mzee anaketi na mpita njia anapumzisha kapu. Hakuna mfadhili aliyeyatoa mabenchi yale. Ni sehemu ya ukuta. Nyumba za zamani za Kariakoo nazo zilikuwa na vibaraza. Tulipojenga maghorofa tulivimeza, tukavifanya fremu, na sasa tunaomba bajeti ya viti. Kibali cha ujenzi kingeweza kudai kwamba ghorofa ya chini irudi ndani mita mbili na ya juu ibaki ilipo, mteja apite chini yake kavu. Mombasa na Nairobi mnaweza kuyaona majengo ya zamani ya madukani yaliyojengwa hivyo, na bado yanapangishwa ghali.

Mvua: mtaa usio na ukingo wa zege, ambao nimeutetea kwa ajili ya mkokoteni, unahitaji mfereji wake. Mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea katikati, mfereji wenye mfuniko wa chuma unaofunguka, na mtu anayeajiriwa kuufungua kabla ya masika. Mfuniko uwe mzito wa kutosha usiende kwa wauza vyuma chakavu. Mnacheka, lakini mnajua iliyopotea ni mingapi.

Gharama? Sehemu kubwa ya haya hayahitaji mkopo. Strøget ilianza kama majaribio, lami ikiwa ileile. Sisi tunaweza kuchukua kipande kimoja cha Kongo, kutoka Uhuru hadi Mchikichi, tukapaka mstari, tukaweka saa za mizigo, tukakodi vyoo vya muda, tukahesabu. Tuhesabu wanaosimama, si wanaopita. Tuhesabu mikokoteni iliyokwama. Tuulize kodi ya fremu imepanda kwa nani, maana mtaa ukipendeza mwenye nyumba huwa wa kwanza kujua, na mpangaji mdogo huwa wa kwanza kuondoka; afadhali mikataba ya pango ya kipande hicho isajiliwe kabla rangi haijakauka.

Limebaki jambo moja, ambalo kwa uzoefu wangu huachwa hadi siku ya uzinduzi, kisha linaua mradi. Kila mwisho wa mtaa patakuwa na nguzo za chuma za kuzuia magari, za kufunga na kufungua. Nani atashika funguo? Zikiwa kwa afisa mmoja wa manispaa, saa nne usiku atakuwa amelala na Fuso zitapanga foleni hadi Mnazi Mmoja. Zikiwa kwa mlinzi wa zamu, ndani ya mwezi kutakuwa na bei ya kufunguliwa mchana. Na Kariakoo bado kuna wakazi: kuna mgonjwa wa usiku, kuna msiba, kuna Ijumaa watu wakitoka Msikiti wa Mtoro. Mimi ningetoa seti nne. Moja zimamoto. Moja serikali ya mtaa, kwa ajili ya wakazi. Moja kwa umoja wa wafanyabiashara na machinga kwa pamoja, kwenye kisanduku cha kufuli mbili, ili mmoja asifungue bila mwenzake. Ya nne kwa wale makuli wa zamu ya usiku, kupitia chama chao, maana wao ndio watakaokuwa macho. Najua hiyo ya nne itapingwa kwenye kikao cha madiwani. Tuanze maswali na hiyo.